Kwenu Mnakula Nini? Miaka Yangu katika Jiko la Hospitali

Wiki niliyoacha kazi, wenzangu wa jikoni waliniomba niwaachie daftari la mapishi. Nimewaachia. Lakini daftari linasema kikombe kimoja cha hiki na vijiko viwili vya kile. Halisemi nani alitufundisha, wala nani aliumia kabla hatujajifunza. Hayo yalibaki kichwani kwangu, na kichwa cha mtu wa miaka sitini si kabati la kutegemea. Ndiyo maana naandika.

Habari za vyeo sitazileta hapa, maana mpishi hupandishwa cheo mara moja tu, siku anapokabidhiwa ufunguo wa stoo, na tangu siku hiyo kila kilo ya sukari inayopungua ni ya kwake.

Kabla ya hospitali nilipika kwenye mgahawa wa Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, pale malori yanapopumzika. Dereva anataka chakula cha moto, kingi, chenye mafuta, na anakitaka sasa hivi. Nilijua kupika supu, nyama ya kukaanga, na ugali mgumu ambao ukichomeka mwiko unasimama wenyewe. Niliposikia hospitali moja ya Iringa inatafuta mpishi, nilikwenda nikiwa na uhakika kwamba wao ndio waliobahatika.

Mkuu wa jiko alikuwa Mama Eda, Mbena wa Njombe, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu kuacha kelele zako ili umsikie. Siku ya kwanza alinipa maharage na kabichi, akaniambia nipike cha mchana. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa vyekundu, nikamimina mafuta bila huruma, nikatupia pilipili kichaa mbili tatu. Alidondoshea mchuzi kiganjani, akaonja.

"Kijana, umepika vizuri," akasema. "Mimi ningekula mpaka kesho. Sasa njoo nikuonyeshe watakaokula."

Tulisukuma toroli hadi wodi ya wanaume. Kitanda cha kwanza kilikuwa na mtu mwenye vidonda mdomoni. Cha pili, aliyepasuliwa tumbo juzi yake. Cha tatu, mzee asiye na jino hata moja. Niliwagawia wote sawasawa. Baada ya nusu saa tulirudi kukusanya vyombo, na karibu sahani zote zilikuwa zimejaa. Mama Eda alizipanga juu ya toroli, akaniambia, "Soma."

"Nisome nini, Mama?"

"Sahani. Dereva akikataa chakula chako, anavuka barabara anakwenda kwa jirani. Huyu akikataa, aende wapi?"

Jioni ile nilipika uji mwepesi na viazi vya kuponda.

Jiko letu lilikuwa la kuni. Masufuria yalikuwa makubwa kiasi kwamba ukiinama kuyasugua kichwa chote kinaingia ndani. Mwiko wa ugali ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe, na ulikuwa mali ya Mama Eda peke yake, hakuna aliyeugusa bila ruhusa. Mambo aliyonifundisha mwaka ule wa kwanza bado yana kazi hata leo kwenye jiko la gesi. Ugali wa watu mia hauanzi na unga kwenye maji yanayochemka. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, mimina, uache uchemke kama uji mpaka utoe mapovu mazito, ndipo uongeze unga kidogo kidogo, usije ukagawa madonge. Maharage yakishika chini, usikoroge na usikwangue. Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine kimyakimya, na harufu ya kuungua haitafuata. Mtu anayekwangua sufuria iliyoungua ili asipoteze chakula kidogo hupoteza chakula chote. Nimeona viongozi wengi wakifanya hivyo na mambo makubwa kuliko maharage, lakini hilo si somo la leo.

Daftari lilianza kwa sababu ya mzee mmoja wa Kilolo aliyelazwa na ugonjwa wa kifua. Siku tatu alikuwa amegeukia ukutani. Uji hataki, chai hataki. Nesi alikuja jikoni akatuambia dawa zake ni kali, zikiingia kwenye tumbo tupu zinamtapisha. Mama Eda alifuta mikono, akaenda wodini, nami nikamfuata. Alivuta kiti, akamsalimia Kihehe, "Kamwene," akangoja mpaka mzee akaitikia. Kisha akamwuliza swali ambalo nimeliuliza maelfu ya mara baada ya hapo.

"Baba, kwenu ukiumwa mnakula nini?"

Mzee aliuacha ukuta, akageuka. "Mama yangu alikuwa anatupa togwa," akasema. "Ila nyinyi hapa hamwezi."

Nadhani ni neno hilo la mwisho lililomsukuma Mama Eda. Siku ile ile alituma mtu sokoni kutafuta kimea cha ulezi. Tulipika uji mzito wa mahindi, tukauacha upoe mpaka kidole kinavumilia ndani yake, tukatia unga wa kimea, tukakoroga na kufunika. Kimea kikiingia kwenye uji wa moto kinaungua na utamu hautoki. Uji ukiwa umepoa mno, nacho hakifanyi kazi. Kufika jioni ule uji mzito ulikuwa umelegea kama maji na kuwa mtamu bila sukari. Mzee alikunywa vikombe viwili. Kisha akasema mama yake alikuwa anauacha mpaka siku ya pili, ukawa na ukali kidogo. Mama Eda akanigeukia: "Andika hiyo."

Niliandika kwenye kaunta buku lililokuwa la kuhesabia magunia. Ukurasa wa kwanza wa daftari ni togwa, na chini yake imeandikwa, "mzee wa kitanda cha mlangoni." Jina lake sikuliuliza. Hilo ni kosa langu la kwanza la kiofisi.

Tangu hapo nikawa na tabia ya kuuliza. Watu wengi huona haya kutaja chakula cha kwao mbele ya mtu wa serikali au wa kanisa, wanadhani watachekwa. Mwanamke mmoja wa Mufindi alinong'ona kabisa aliponiambia anatamani kumbikumbi wa kukaanga. Nikamwambia hata mimi nawatamani, na msimu haujafika, tuvumilie wote wawili. Alicheka, akala wali aliokuwa ameukataa. Nikajifunza kwamba wakati mwingine kuulizwa tu kunatosha.

Ukurasa wa nne ni wa Mama Hansa. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vitambaa pale mjini, Wahindi waliozaliwa Iringa na wazazi wao wakazaliwa Iringa, na Kiswahili chake kilikuwa na Kihehe kingi ndani kuliko changu. Mama mkwe wake alilazwa kwa kuvunjika nyonga. Bibi yule alikuwa hali nyama, hali yai, na alikuwa hawezi kula chochote kilichotoka kwenye sufuria iliyopikiwa nyama. Kwa siku mbili aliishi kwa ndizi mbivu na chai. Wenzangu wawili walinung'unika kwamba wodi si hoteli. Mama Hansa alikuja mlangoni mwa jiko akiwa amebeba sufuria mpya.

"Kaka, sikuombi umpikie," akaniambia. "Naomba moto tu. Nitapika mwenyewe, na hii sufuria nitaiacha hapa."

Nikamwambia moto upo, ila na mimi nisimame pembeni nitazame. Alichambua mchele na choroko zilizopaazwa, akaziosha pamoja, akachemsha kwa maji mengi na manjano na chumvi mpaka vikapondeka vyenyewe. Pembeni akayeyusha samli, akatupia bizari nyembamba ikarukaruka, akaimwaga juu ya wali. Basi. Hakuna kutafuna, hakuna mfupa, tumbo halipati taabu. Bibi alikula nusu bakuli akalala. Nilionja kilichobaki, nikamkumbuka yule mzee asiye na meno. Juma lililofuata nilipika wali ule kwa wodi nzima ya wazee, na sahani zilirudi tupu. Mpaka leo Iringa wanauita wali wa Mama Hansa, ingawa wapishi wa sasa wanadhani Hansa ni mahali.

Yeye aliondoka na mapishi ya majani ya maboga kwa karanga. Alitaka kujua kwa nini yake yalikuwa machungu. Nikamwonyesha kumenya zile nyuzi za shina moja moja, na kutia karanga mwishoni, si mwanzoni. Alisema amekula majani hayo miaka thelathini yakiwa na nyuzi kwa sababu hakuna aliyemwambia. Watu wanaweza kuishi mtaa mmoja muda mrefu sana bila kuchunguliana masufuria.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alipohamishiwa Mbeya, nilimfuata. Wanaume wenzangu walinicheka, lakini hakuna hata mmoja aliyejitolea kunifulia. Tulipanga Iyunga, karibu na barabara kuu, nikapata kazi katika jiko la hospitali moja ya huko. Mama Eda alinipa daftari niende nalo. Alisema yeye mapishi keshayakariri, na huo ulikuwa uongo wa heshima.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, ila nikiparuka, haya maandishi hayana faida kwenu.

Mwaka wangu wa pili Mbeya alilazwa Mwalimu Ambokile, mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu, mgonjwa wa figo. Mkewe, Mama Lusajo, alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda kutwa nzima akiwa amejitanda shuka, maana baridi ya Juni ya Mbeya haijali kama uko ndani au nje. Mwalimu alikuwa hali. Siku ya nne nilikwenda mwenyewe na swali langu.

"Mwalimu, kwenu ukiumwa mnakula nini?"

Alifungua macho. "Mbalaga," akasema.

Mkewe akaeleza kwamba hizo ni ndizi za kupika zilizochemshwa na maharage mpaka zikashikana, na maziwa ya mgando pembeni. "Ndicho anachokipenda tangu nimemjua," akasema. "Lakini hapa nani atampikia?"

Nilisikia lile lile la yule mzee wa Kilolo: nyinyi hapa hamwezi. Kwenye orodha ya jikoni, mbele ya jina lake, palikuwa pameandikwa "figo." Mimi nilichojua kuhusu figo ni kwamba chumvi haitakiwi. Basi nilipika mbalaga bila chumvi hata punje, nikajiona mtaalamu. Nilibeba bakuli mwenyewe. Mwalimu alikula lote, akafuta bakuli kwa kidole. Mama Lusajo alilia, akaniambia, "Ndaga fijo," asante sana. Siku ya pili nikapika tena, na ya tatu. Nilikuwa natembea kwenye korido kama mtu aliyegundua dawa.

Siku ya nne asubuhi nilifika na bakuli nikakuta kitanda kimezungushiwa pazia. Madaktari wawili walikuwa ndani, na nesi alitoka mbio akaniambia nipishe njia. Mama Lusajo alikuwa amesimama ukutani, mikono kichwani. Niliambiwa moyo wa Mwalimu unapiga vibaya. Nilirudi jikoni na bakuli lile, nikaliweka juu ya meza.

Kabla ya mchana alikuja afisa lishe. Alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, jina lake Witness, tukimwita Madam Witness kwa heshima ya kazi yake. Hakupaza sauti. "Nani alikuwa anampelekea ndizi mgonjwa wa kitanda cha saba?" akauliza.

Jiko zima lilijua ni mimi. Hakuna aliyesema. Nami sikusema.

Akaendelea: "Mke wake amemwambia daktari kwamba alizileta yeye kutoka nyumbani. Nataka kuhakikisha tu." Akangoja kidogo, akaondoka.

Nilimenya viazi karibu gunia zima siku ile. Nilijiambia kwamba mama mwenyewe ameshasema, jambo limekwisha. Nilijiambia kwamba nina watoto watatu shuleni. Nilijiambia pia kwamba nilifanya kwa nia njema, na hilo ndilo lililonishinda, kwa sababu nilikumbuka kwamba hata pilipili za siku yangu ya kwanza Iringa nilizitia kwa nia njema. Mchana, baada ya kugawa chakula, nilivua aproni nikaenda ofisini kwa Madam Witness.

"Ni mimi," nikamwambia. "Siku tatu. Ndizi, maharage na maziwa ya mgando. Chumvi sikutia."

Alinitazama. "Kaa, Baba Neema," akasema.

Alinieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, na nilistahili. Ndizi zina madini yanayoitwa potasiamu. Maharage yanayo, na maziwa pia. Figo nzima inatoa yaliyozidi. Figo iliyochoka inashindwa, yanajaa kwenye damu, na moyo unapoteza mdundo. "Ungetafuta vyakula vitatu vibaya zaidi kwa mgonjwa yule," akasema, "ungehangaika kuvipata." Kisha akaniuliza kwa nini sikumwuliza yeye kwanza. Nikamwambia ukweli, kwamba sikudhani binti wa umri wake ana jambo la kunifundisha kuhusu chakula. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui kama aliandika na hilo.

Nilipewa barua ya onyo, na miezi miwili nikawekwa kwenye kuosha masufuria na kumenya. Haikuwa dhuluma. Mwalimu Ambokile alitundikiwa dripu na kupewa dawa, na baada ya siku mbili moyo ukatulia. Wapo ambao usingetulia.

Nilikwenda kumwona siku pazia lilipoondolewa. Mwalimu alikuwa amelala. Nilichuchumaa mbele ya kigoda cha Mama Lusajo.

"Mama, mbona ulisema ni wewe?"

Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa anashona. "Siku nne alikuwa hali, nami nilikuwa nahesabu mbavu zake. Wewe ukamfanya ale. Ningekutaja vipi?"

"Nilikuwa karibu nimuue, Mama."

"Najua," akasema. "Na mimi ndiye niliyekuambia anapenda nini. Tulikuwa wawili."

Maneno hayo nimeyabeba miaka yote, na hayajapungua uzito.

Mwalimu alipopata nafuu alianza kuuliza ndizi zake. Madam Witness aliniita kutoka kwenye masufuria. Alisema kabla mzee hajaruhusiwa kwenda nyumbani, daktari amekubali apate vipande viwili vidogo, mara moja tu, ila nipike jinsi yeye atakavyosema, na familia itazame wajifunze. Tulimenya ndizi mbele ya Mama Lusajo, tukazikata vipande vyembamba, tukazilowesha kwenye ndoo ya maji tangu asubuhi na kubadilisha maji yale. Kisha tukachemsha kwa maji mengi, tukamwaga, tukatia maji mapya, tukachemsha tena, tukamwaga. Maharage hakuna, maziwa hakuna. Kitunguu kidogo na tone la mafuta. Madam Witness alirudia mara tatu kwamba kuosha hakumalizi yale madini, kunapunguza tu, na mgonjwa wa figo asithubutu bila ruhusa ya daktari wake. Nami narudia hapa mara ya nne.

Mwalimu alitafuna kipande cha kwanza taratibu. Sote watatu tulikuwa tunamtazama mdomo.

"Hizi ndizi zimeoga mara ngapi?" akauliza.

"Mara nne, Mwalimu," nikasema.

"Zimekuwa safi mno," akasema. "Lakini bado nazitambua." Akala cha pili.

Aliomba daftari langu. Aliandika mapishi yale kwa mwandiko wa ubaoni, ulionyooka, kisha akarudi kurasa za nyuma akanisahihishia tahajia. Kurasa kumi na mbili. Nilikuwa nimeandika "maharagwe" mahali na "maharage" mahali, akanitaka nichague moja niishi nayo. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo, akafia kwake Tukuyu. Mama Lusajo alinitumia salamu kwa mpwa wake, kwamba mzee alikula vizuri mpaka karibu na mwisho, na alikuwa mkali sana kwa yeyote aliyetaka kumwonjesha maharage.

Kuanzia hapo kila ukurasa wa daftari ukapata mstari wa kalamu nyekundu chini: "Asile nani." Hakuna kilichopikwa kutoka humo bila Madam Witness kutia sahihi. Wali wa Mama Hansa aliupitisha kwa wengi, akazuia kwa wachache. Togwa alizuia kwa wagonjwa wa sukari, na tukabishana siku nzima, akashinda. Nimefanya naye kazi miaka mingi tangu siku ile ya ofisini, na sikumbuki mara tano nilizoshinda. Kama kuna mmoja wenu anayedhani kuuliza kunamshusha mpishi mzee, aje nimwonyeshe barua yangu ya onyo. Nimeihifadhi.

Si kila kisa kilikuwa kizito. Mama mmoja wa Chimala, kule Mbarali kwenye mashamba ya mpunga, mfanyabiashara wa mchele, alikaa wiki tatu akiuguza mguu na akaligeuza jiko letu kuwa shule. Siku ya kwanza alirudisha sahani na ujumbe: "Mwambieni mpishi mchele wake ni mzuri, mikono ndiyo mibaya." Nilikwenda kujitetea. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Unauosha mara ngapi?" Mara moja, nikasema. "Na unaukoroga ukiwa motoni?" Nikakubali. "Basi unapika uji," akasema. Alinifundisha kuuloweka kidogo, kupima maji kwa kidole juu ya mchele, na kufunika bila kuchungulia. Alisema anayechungulia wali hana imani. Siku anaondoka alionja wali wangu, akasema sasa unaweza kupewa mtu mzima. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo kutoka kwa mtu wa Mbarali.

Miaka ya mwisho mambo yamebadilika. Gesi imekuja, kuni zimekwenda, na macho yangu yanashukuru. Ndugu wa wagonjwa wananitumia mapishi kwa simu, kwa sauti, na nyuma yake unasikia watoto na kuku. Wapishi vijana wanayapiga picha. Sina ugomvi na hilo, ila naona kwamba mtu anayerekodi mapishi mara nyingi hasikilizi mpaka mwisho, na sehemu ya maana mtu huisema mwishoni, akiwa anaaga. Samli ya Mama Hansa, na kwamba imwagwe ikiwa bado inalia, aliniambia akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Nimerudi Iringa sasa. Tulijenga nyumba ndogo Ipogolo, na mke wangu naye amestaafu. Wiki ya kwanza alisema, "Umepikia watu maisha yako yote, mimi sijawahi kupikiwa na wewe chakula cha maana. Leo ingia jikoni." Ni kweli. Nilikuwa narudi nyumbani sitaki kuona sufuria.

Nikapika viazi, njegere na nyama. Niliponda viazi vikalainika sana. Nyama niliikata vipande vidogo vidogo. Nikaweka kwenye sinia, bakuli katikati, kijiko kulia, maji ya kunywa kushoto, nikampelekea sebuleni, nikasimama kando ya kiti chake mikono nyuma. Alichukua kijiko kimoja. Nikamwuliza kama kinapita vizuri kooni. Akala cha pili. Nikamwuliza kama tumbo halijajaa gesi.

Aliweka kijiko chini, akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesahau jina lake.

"Baba Neema," akasema, "hapa hakuna mgonjwa. Kalete sahani yako ukae tule."

Miaka yote ya kazi nimekula nikiwa nimesimama, mgongo kwenye mlango wa stoo, jicho moja kwenye moto. Nilikwenda nikaleta sahani, nikavuta kiti. Mwanzoni miguu haikujua iwekwe wapi. Tukala taratibu, na alipomaliza aliongeza mwenyewe.

Kama mnataka kujua, nyama ilikuwa haijaiva vizuri.